Nyumba Iliyoanika Nguo Jumapili

Niseme mapema tusije tukagombana katikati: mimi si mtu wa picha. Nimeuza samaki maisha yangu yote, na mtu akiniuliza kitu kizuri cha kutazama nitamwonyesha samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi sawasawa. Ile picha ya kuchorwa ya mji wetu iliporudishwa kwa kiangazi kimoja tu na kutundikwa ndani ya Kanisa Kubwa, nilikwenda kuiona kwa sababu jirani yangu, Hiltje Sinnema, alinishika mkono akasema hawezi kwenda peke yake. Na Hiltje hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi.

Tumepakana ukuta miaka na miaka, mimi na yeye, kwenye ukingo wa mfereji. Alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali mpaka akastaafu, akifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Hakuolewa. Mapazia yake yako wazi kama ya kila mtu, na ukipita saa nne asubuhi utamwona mezani na kahawa yake na biskuti yake moja. Hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hatuna sifa ya kuchekacheka, lakini hata sisi tulisema Hiltje ni mkavu. Tulimwonea. Hiltje alikuwa anamsubiri mtu, na kusubiri kulikuwa kumemmaliza maneno.

Mtu huyo ni mdogo wake, Foppe.

Baba yao alikuwa na mashua ya mizigo, akazama majira ya baridi chini ya barafu. Mama hakukaa sana, kifua kikuu kikamchukua. Watoto wakapelekwa nyumba ya yatima ya mji, Hiltje ana miaka tisa, Foppe minne. Kwenye ukumbi wa nyumba ile ndiko picha ilikotundikwa wakati huo: mji wetu kama mchoraji fulani alivyouona zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Mnara wa kanisa, daraja, safu ya nyumba kando ya mfereji, na watu wadogo kama punje za pilipili manga wakielekea kanisani na Biblia makwapani.

Watoto wa pale walikuwa na mila yao ambayo walezi hawakuijua. Kila mtoto mpya alipewa nyumba ndani ya picha. Mkubwa wao alinyoosha kidole, akasema, "Ile ya kwako," na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kusema kuna nini ndani yake. Ukitaka kumtembelea mwenzio ulibisha hodi kwa kugonga ubao chini ya fremu. Jumamosi, wakisugua sakafu ya ukumbi kwa magoti, ndipo habari za majumbani zilipotoka: kwetu leo supu ya njegere na soseji, kwetu babu amekuja na mkate wa sukari, kwetu paka kazaa. Mtoto akikua na kuondoka, nyumba yake ilirithiwa na anayeingia.

Hiltje alipewa nyumba yenye mlango wa kijani karibu na daraja. Ilipofika zamu ya Foppe, ilikuwa imebaki moja tu: kijumba pembeni kabisa upande wa kulia, kando ya maji, mlango wa manjano ulioachwa nusu wazi, na nje kamba ya nguo yenye mashuka na shati jekundu la mtoto. Hakuna aliyewahi kuitaka. Watu kwenye picha walikuwa wanakwenda kanisani, kwa hiyo ilikuwa Jumapili, na nyumba ile imeanika nguo! Siku zile Jumapili kwetu hukupanda baiskeli. Viazi vya Jumapili vilimenywa Jumamosi. Kuanika nguo wakati kengele zinalia, afadhali upande juu ya paa ukacheze uchi.

"Kwao Foppe wanaanika nguo Jumapili!" watoto wakamzomea. "Wapagani! Wapagani hao!"

Foppe akalia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Hiltje akamvuta pembeni.

"Nisikilize. Mama zao hawa wanaogopa watu. Mama wa nyumba yako haogopi mtu. Mwanawe akichafuka Jumapili, anafua Jumapili. Na mlango ameuacha wazi kwa nini?"

"Sijui."

"Ili uingie, mjinga wewe. Hiyo ni nyumba yako, Foppe. Hakuna wa kukutoa."

Mwaka uliofuata, Hiltje alirudi kutoka shule mchana akakuta pengo kwenye safu ya viatu vya mbao mlangoni. Mume na mke wasio na mtoto walikuwa wamekuja na kumchukua Foppe, na walikuwa mbioni kuhamia ng'ambo. Ng'ambo gani, walezi walikataa kusema. Eti ni kwa faida yake, mtoto asahau mapema. Hiltje aliuliza kila wiki mpaka wakachoka, wakaanza kumjibu kwa kofi. Baadaye nyumba ya yatima ikafungwa, picha ikauzwa kwa jumba la makumbusho la mbali lililoitia ghalani, na habari za nani alikwenda wapi zikapotea pamoja na waliozijua. Nikiwafikiria wale walezi nina hasira nao mpaka leo, na baadhi yao nimekaa nao benchi moja kanisani.

Kwa hiyo gazeti lilipoandika kwamba picha imesafishwa upya na itarudi kwetu kwa muda, Hiltje alikuja mlangoni kwangu bila koti.

"Shoga, inarudi! Wameitangaza mpaka kwenye televisheni. Foppe ataiona. Popote alipo, ataiona na atakuja kutafuta nyumba yake."

"Hiltje, alikuwa na miaka mitano. Mimi wa miaka mitano sikumbuki kitu."

"Wewe ulikuwa na mama. Ulikuwa na haja gani ya kukumbuka?"

Ndiyo maana siku ya ufunguzi nilikuwa pale, nimevaa viatu vinavyonibana, nasikiliza hotuba.

Walipolivuta shuka lililoifunika watu walipiga makofi. Hata mimi nilikiri, anga lile lilikuwa letu kabisa, na mawingu yake yanayokuja na mvua. Hiltje hakutazama anga. Alikwenda moja kwa moja pembe ya kulia, nami nyuma yake, mara nikasikia vidole vyake vinauma mkono wangu. Palikuwa na maji, na nguzo ya kufungia mashua, na ndege mweupe juu ya nguzo. Hapakuwa na kijumba, wala mlango wa manjano, wala kamba ya nguo.

Binti aliyeisafisha alikuwa karibu, jina lake Jorinde, katumwa na jumba la makumbusho kujibu maswali. Hiltje akamuuliza nyumba iko wapi.

"Kumbe unaikumbuka, bibi!" Jorinde akafurahi. "Ile haikuwa ya mchoraji. Zamani picha ilichanika hapo, labda iliangukiwa na ngazi. Miaka mingi baadaye wakamwita mtu aizibe, naye akachora kibanda juu ya kiraka. Rangi zake zilimsaliti. Na ile kamba ya nguo, bibi! Watu wanakwenda kanisani. Mchoraji wa enzi zile asingethubutu kuanika nguo Jumapili. Aliyeziba hakuangalia wenzake wanafanya nini."

"Kwa hiyo umeitoa."

"Haikuwepo, bibi. Tumeirudisha picha ilivyokuwa."

"Ilikuwepo nilipokuwepo mimi," Hiltje akasema.

Binti akawa mwekundu. Si mtoto mbaya, nasema kweli, ingawa siku ile ningeweza kumchapa na samaki.

Tulirudi kwangu nikachemsha kahawa, na Hiltje akazungumza siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia tangu tujuane.

"Atakuja, atatazama ile pembe, ataona maji. Yeye hana kingine cha utoto wake, Trijntje. Jina walimbadilisha, lugha wamemsahaulisha. Atasema, basi niliota. Niliota nyumba, na dada niliota pia. Ataondoka zake asiulize mtu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakaa pale pale pembeni, kila siku, mpaka waifungashe."

Akajiandikisha kuwa mlinzi wa picha wa kujitolea. Msimamizi wa maonyesho alikuwa Sybren Kooistra, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa letu, mtu anayekufafanulia supu wakati unainywa. Akampa Hiltje kiti na kanuni: mlinzi haongei mpaka aulizwe. Hiltje akakipokea kiti. Kanuni hakuishughulikia. Kila mwanamume mwenye mvi aliyeikaribia pembe ya kulia, Hiltje alisimama mbele yake.

"Samahani, baba. Ulikulia wapi?"

"Leeuwarden."

"Una uhakika?"

"Uhakika!" mke wa yule bwana akadakia. "Huyu hana uhakika hata soksi zake ziko wapi."

Mwingine, aliyefiwa na mke, kutoka Groningen, akadhani anatongozwa. Alirudi wiki ile ile na maua na nywele zimepakwa mafuta. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na Hiltje naye akatabasamu kidogo, kisha akageuza macho kwenye mlango wa kanisa kuona nani anaingia.

Mtu akalalamika. Sybren akamwita Hiltje pembeni, mimi nikiwa nimemletea mkate.

"Bibi Hiltje, wageni wanakuja kuona sanaa, hawaji kuhojiwa kama polisini."

"Basi nisaidie nisiwahoji. Jorinde anayo picha aliyoipiga kabla ya kusafisha, nyumba inaonekana. Yuko tayari kuileta. Itundikeni pembeni, ndogo tu."

"Tutawachanganya watu. Picha sahihi ni hii."

"Mdogo wangu hataijua hiyo sahihi yako."

"Mama, nakuhurumia, lakini kapumzike nyumbani wiki moja. Umechoka."

"Aliyechoka ni wewe, Sybren," nikaingilia. "Umechoka kuwa na moyo. Hata shuleni ulikuwa hivyo hivyo, ukimkosoa mtoto anayelia jinsi anavyolia."

Hiltje akavua kitambulisho cha mlinzi, akakiweka juu ya kiti, tukatoka.

Habari niliipata Jumamosi. Akke, mama anayekata tiketi, alikuja mpaka kizingitini kwangu na hakutaka kuingia. Akaniambia alisimama kwenye foleni ya jibini sokoni, likamjia ghafla kichwani, akaacha zamu yake na kukimbia kuja kwangu. Alhamisi, mvua ikinyesha, aliingia mzee mrefu mwenye koti la mvua, anaongea lugha yetu vipande vipande. Alisimama pembe ya kulia muda mrefu. Kisha akamgeukia Sybren.

"Hapa, nyumba. Nyumba ya nguo. Wapi?"

Sybren alifurahi kuulizwa, si mnamjua. "Hapana, bwana. Hapo hapakuwahi kuwa na nyumba."

"Hapakuwahi?"

"Kamwe."

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu. "Basi nilijitungia mwenyewe," akasema. Akamshukuru, akamuuliza Akke njia ya stesheni, akaenda zake.

Wahenga walisema kweli, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini Hiltje hakukosa kuwepo kwa uzembe, alifukuzwa. Na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumwambia.

Nilimkuta anapiga pasi. Nikasema yote, kwa sababu sijui kusema nusu. Aliizima pasi, akakunja foronya mara mbili, akaweka juu ya nyingine.

"Alikuwa na mwavuli?" akauliza.

"Sijui, Hiltje."

"Alhamisi ilinyesha sana."

Ndilo pekee aliloniuliza. Nilikaa naye mpaka giza likaingia, nikalia mimi, yeye hakulia.

Tulitafuta, msidhani hatukutafuta. Gazeti liliandika, redio ikatangaza, Jorinde alipiga simu hoteli moja moja akilia kwenye simu kama mtoto. Kimya. Sybren alikuja na maua. Hiltje akayapokea, akafunga mlango. Ile picha aliyoipiga Jorinde kabla ya kusafisha sasa ikatundikwa pembeni, tena kubwa, na watu wakalijaza kanisa kutazama mlango wa manjano. Kiangazi kikaisha, mchoro ukafungwa ndani ya sanduku na kurudi ulikotoka.

Jumapili iliyofuata baada ya sanduku kuondoka, natoka kwenda ibada na koti langu jeusi, namkuta Hiltje kwenye majani mbele ya nyumba zetu, upande wa maji, mkabala na mlango wa kanisa. Anafunga kamba kutoka nguzo ya taa hadi kwenye mti. Beseni liko miguuni. Mlango wa nyumba yake nyuma yangu uko nusu wazi.

"We Hiltje! Umepagawa? Leo Jumapili!"

"Najua. Siku nyingine nguo ni nguo tu."

Akaanika mashuka mawili, na katikati shati jekundu la mtoto, jipya, la dukani. Kengele zinalia. Waumini wote wanapita darajani na kukodoa macho. Niliingia kanisani uso unawaka, na mahubiri yote sikusikia neno. Mama yangu alinilea hivi: Jumapili hata sindano haiguswi. Nilimnunia Hiltje wiki mbili nzima.

Naye akaendelea. Mtu akamshtaki kwa halmashauri, akaja kijana na kofia kusema nguzo ya taa ni mali ya umma. Hiltje akachimbia nguzo yake mwenyewe. Vuli ikaja, upepo ukamtupia shuka mferejini, akaliopoa kwa fimbo ya mashua na kulianika tena. Mwishowe nilivunja kununa kwangu.

"Mwenzangu, Foppe ameshaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Alikuja mara moja," akasema, kibanio mdomoni. "Aliyekuja mara moja anaijua njia."

Mwezi wa kwanza, kifua kikamkamata. Ijumaa gari la wagonjwa likaja. Aliponiachia ufunguo nilidhani ni kwa ajili ya paka wake, akasema, "Na paka pia," mlango wa gari ukafungwa.

Jumapili ile ilikuwa baridi ya kukata masikio. Nilifunga mlango wangu, kitabu cha zaburi mkononi, kengele zimeshaanza. Nikaitazama kamba tupu. Nikawaza, kama ni leo. Kama mzee mrefu amesimama darajani leo na anaona maji tu, kwa mara ya pili. Nilisimama pale nikimkasirikia Hiltje, nikawakasirikia walezi waliokufa, nikajikasirikia na mimi, maana miguu ilikuwa inaelekea kanisani nayo haitaki kwenda.

Nikaweka zaburi dirishani, nikaingia kwake, nikalowesha mashuka na lile shati, nikatoka na beseni.

Vidole vilikufa ganzi mara moja. Mashuka yalikuwa mabichi, yakaanza kukakamaa kwa baridi kabla sijayanyoosha, na la kwanza likanishinda, likaburuzika chini. Watu wakapita. Niliwasikia wakipunguza mwendo. Kisha viatu vikasimama nyuma yangu, na nilivijua bila kugeuka.

"Trijntje," akasema Sybren Kooistra. "Leo ni Jumapili."

"Ndiyo maana, Sybren. Shika ncha hiyo."

Alisimama. Kengele zilinyamaza, na hiyo ina maana mzee wa kanisa alikuwa amechelewa ibada kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akaibana Biblia kwapani, akavua glavu, akashika ncha.

Shati jekundu nililianika mwenyewe mwishoni, upande unaoonekana kutoka darajani. Kisha nikaenda kuufungua mlango wa Hiltje nusu.